Padri Damiano wa Molokai, Msemaji wa Waliofungiwa

Wakazi wa Munigi wanajua maana ya kuishi juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na mlima wa moto. Wanajua pia taabu ya maji mahali pa namna hiyo. Ardhi ya mawe haichimbiki kisima. Mvua ikinyesha, maji hupenya na kupotea. Na kina mama na watoto hubeba bidoni mwendo mrefu. Mwezi wa saba mwaka 1994, wakimbizi kwa maelfu walipopiga kambi Munigi, kipindupindu kiliwaua wengi, kwa kuwa hapakuwa na maji safi ya kuwatosha.

Mbali sana na Munigi, katikati ya Bahari ya Pasifiki, kuna visiwa viitwavyo Hawaii. Visiwa hivyo navyo vilizaliwa na milima ya moto. Katika kisiwa kimoja, jina lake Molokai, kuna rasi ndogo ya mawe ya volkano. Pande tatu imezungukwa na bahari yenye mawimbi makali; upande wa nne limesimama genge refu kama ukuta, zaidi ya mita 500 kwenda juu. Katika rasi hiyo walifungiwa watu wenye ugonjwa wa ukoma, wakaishi humo mpaka kufa kwao. Habari hii ni ya padri aliyekwenda kukaa nao kwa hiari yake, akawa msemaji wao mbele ya wakubwa wa nchi. Jina lake ni Padri Damiano.

Mtoto wa mkulima

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo, nchi ya Ubelgiji. Wazazi wake walimwita Jozef, na jina la ukoo wake ni De Veuster. Baba yake alikuwa mkulima na mwuzaji wa nafaka. Jozef aliacha shule mapema ili asaidie kazi za shamba, akazoea jembe, nyundo na msumeno. Mikono yake ikawa migumu na mabega yake yakawa na nguvu. Hapakuwa na mtu aliyefikiri wakati ule kwamba mikono hiyo itakuja kujenga makanisa na nyumba za wagonjwa mwisho wa dunia.

Baba yake alitaka awe mfanyi biashara, akampeleka kujifunza Kifaransa. Lakini kijana alisikia wito mwingine. Mwaka 1859 aliingia katika Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria mjini Leuven, ambamo kaka yake Pamphile alikuwa amekwisha kutangulia. Huko alipewa jina la Damiano. Wakubwa wa shirika waliona hana elimu ya kutosha kuwa padri, maana hakujua Kilatini hata kidogo. Kaka yake akaanza kumfundisha maneno machache wakati wa mapumziko. Jozef akayashika upesi mno, hata wakubwa wakabadili shauri lao, wakamruhusu kusoma pamoja na wanafunzi wa upadri.

Mwaka 1863 Pamphile aliwekwa katika hesabu ya wamisionari watakaokwenda Hawaii. Nafasi yake katika merikebu ilikuwa imekwisha kupatikana, ndipo homa kali ikampata alipokuwa akiwahudumia wagonjwa. Hakuweza kusafiri. Damiano, ingawa hajawa padri bado, alishika kalamu, akamwandikia mkubwa wa shirika lote huko Paris, akiomba aende mahali pa kaka yake. Hakupitia kwanza kwa mkubwa wa nyumba yao, na jambo hilo lilimchukiza mkubwa huyo. Hata hivyo ruhusa ilitoka. Katika tendo hili la ujana msomaji aweza kuona tabia ya maisha yake yote: alipoona haja, hakungoja mtu mwingine aiseme; aliandika barua, naye akawa tayari kuchukua lawama.

Baada ya safari ya miezi mingi baharini, aliwasili Honolulu tarehe 19 Machi 1864, siku ya Mtakatifu Yosefu. Tarehe 21 Mei mwaka huohuo alipewa upadri. Akatumwa kwanza Puna, nchi ya mawe meusi chini ya mlima wa moto wa Kilauea, kisha Kohala, katika kisiwa kilekile kikubwa kuliko vyote. Huko alitembea kwa miguu na kwa farasi, akajifunza lugha ya wenyeji, akajenga makanisa madogo kwa mikono yake mwenyewe. Kazi hiyo ilimchukua karibu miaka tisa.

Sheria ya kutengwa

Katika miaka ile watu wa Hawaii walikuwa wakifa kwa wingi kwa magonjwa yaliyoletwa na wageni kutoka ng'ambo. Ukoma ulikuwa mojawapo. Dawa yake haikujulikana, wala hakuna aliyejua waziwazi jinsi unavyoambukiza. Hofu ikaingia katika nyumba zote. Mwaka 1865 mfalme Kamehameha wa Tano alitia sahihi sheria ya kuwatenga wenye ukoma. Mtu aliyedhaniwa kuwa na ugonjwa huo alikamatwa na kupimwa; akionekana anao, alipelekwa Molokai. Mume alitengwa na mkewe, na mama aliachishwa mtoto wake. Merikebu ya kwanza iliwashusha wagonjwa Kalawao, upande wa mashariki wa rasi ile, mwezi wa Januari mwaka 1866.

Si kweli kwamba serikali ilitaka kuwatesa. Ilitaka kuwalinda wazima, nayo ilikuwa serikali ya nchi ndogo yenye fedha kidogo. Wakubwa walifikiri wagonjwa watalima, watafuga, watajilisha wenyewe. Lakini mtu aliyepoteza vidole atashikaje jembe? Mtu mwenye vidonda miguuni atapandaje bondeni kuteka maji? Shauri lililoonekana jema juu ya meza ya Honolulu lilikuwa baya juu ya mawe ya Kalawao. Wagonjwa walilala katika vibanda vya majani vilivyooza. Maji yalikuwa mbali. Nguo zilikuwa chache, na chakula kilichelewa kila mara bahari ilipochafuka. Hapakuwa na daktari aliyekaa nao. Wenye nguvu waliwanyang'anya wanyonge. Wengine, kwa kukata tamaa, walitengeneza pombe wakalewa, wakisema kwamba mahali pale hapana sheria tena.

Wala hapakuwa na mtu wa kusimama kati yao na serikali. Wagonjwa walinung'unika, lakini manung'uniko yao yaliishia kwenye mawimbi. Wakubwa walipokea hesabu za waliofika na hesabu za waliokufa; habari za waliokuwa hai hawakuzijua.

Padri anajitolea

Mwezi wa Mei mwaka 1873 Askofu Maigret alikwenda Wailuku, katika kisiwa cha Maui, kubariki kanisa jipya. Mapadri kadhaa walikusanyika huko, Damiano akiwa mmoja wao. Askofu akawaeleza kwamba Wakatoliki wa Kalawao wanaomba padri wa kukaa nao. Akasema kwamba yeye hatamwamuru mtu kwenda huko, maana amri hiyo ingekuwa kama kumpeleka mtu kaburini. Mapadri wanne wakajitoa, wakakubaliana kwenda kwa zamu, kila mmoja majuma machache. Zamu ya kwanza ikamwangukia Damiano.

Tarehe 10 Mei 1873 alishuka pwani pamoja na Askofu, katika merikebu iliyobeba ng'ombe na wagonjwa wapata 50. Alikuwa na umri wa miaka 33, mwenye afya njema. Hapakuwa na nyumba ya padri. Usiku ule, na nyingine zilizofuata, alilala chini ya mti wa mkadi kando ya kanisa dogo la Mtakatifu Filomena. Siku chache tu zilipopita, aliwaandikia wakubwa wake akiomba zamu yake isiwe na mwisho.

Mwanzoni mwili wake ulikataa. Harufu ya vidonda ilimsumbua hata akalazimika kutoka nje ya kibanda apate pumzi, akaanza kuvuta kiko ili moshi ufunike harufu. Lakini alirudi ndani. Alikula pamoja na wagonjwa katika bakuli moja uji mzito wa magimbi, aliwafunga vidonda, aliwapa Sakramenti kwa mikono yake. Na tangu siku za kwanza, alipohubiri, hakuwaita ninyi. Alijiweka pamoja nao, akasema sisi wenye ukoma. Alisema hivyo miaka mingi kabla ugonjwa haujamgusa.

Kalamu na nyundo

Wahenga wa Kiswahili wamesema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Damiano alikilalia kitanda kile. Kila juma alipita kibanda kwa kibanda, kwa Wakatoliki na kwa wasio Wakatoliki vilevile. Alijua ni nani hana blanketi, nani hajapata posho yake, nani amelazwa sakafuni pasipo mtu wa kumpa maji. Kisha aliandika kwa Halmashauri ya Afya huko Honolulu. Hakuandika maneno ya jumla kwamba watu wanateseka. Aliandika kitu gani kimepungua, na kitu gani kinatakiwa.

Kwanza maji. Wagonjwa waliteka maji mbali, wakayabeba mabegani, na kwa kuyakosa hawakuweza kuosha vidonda wala nguo zao. Damiano aliomba mabomba. Mabomba yalipofika, yeye na wagonjwa waliokuwa na nguvu bado waliyalaza wenyewe. Baadaye alipanda bonde la Waihanau pamoja na watu wengine, wakakuta dimbwi lenye maji baridi yasiyokauka. Akaiomba serikali mabomba tena, na maji yakateremshwa mpaka makaoni. Tangu siku hiyo mgonjwa aliweza kunywa, kupika na kuoga karibu na mlango wake. Kwa watu wa mawe meusi hiyo ilikuwa neema kubwa.

Pili nyumba. Karibu mwaka mmoja baada ya kufika kwake, upepo mkali wa kusini uliangusha vibanda vingi. Wagonjwa walilala nje katika mvua, wamejifunika blanketi zilizolowa. Damiano akaandika bila kukawia, na serikali ikaleta merikebu ya mbao. Ndipo nyundo ya Tremelo ilipofanya kazi. Nyumba za mbao zilijengwa, zimeinuliwa juu ya ardhi ili unyevu usiingie, zikapakwa chokaa. Wagonjwa wenyewe walishika misumeno na misumari kadiri vidole vyao vilivyowaruhusu.

Tatu mazishi. Kabla ya kufika kwake, maiti wengi walizikwa pasipo sanduku, katika mashimo mafupi, na wanyama waliwafukua. Damiano alitengeneza makaburi yenye ua kando ya kanisa, akaunda masanduku kwa mikono yake, mamia na mamia. Wagonjwa wakaanzisha chama cha kuzikana. Watu walioona kwamba watazikwa kama watoto wa Mungu walianza tena kuishi kama watoto wa Mungu.

Akawakusanya yatima, wavulana kwa wasichana, katika nyumba zilizokuwa jirani na yake, asije mtu mwovu akawadhulumu. Akaanzisha waimbaji na wapiga tarumbeta. Inasimuliwa kwamba wagonjwa wawili walipiga kinanda pamoja kanisani, kwa sababu vidole vya mmoja havikutosha. Mahali palipokuwa pa kungojea kifo palikuwa sasa na siku za kazi, siku za Misa na siku za sikukuu.

Gharama ya kusema

Msomaji asidhani kwamba wakubwa walimshukuru kila mara. Mtu anayeomba kila juma huchosha. Damiano alikuwa na roho nzuri, lakini alikuwa pia mwenye hasira ya upesi na asiyekubali kushindwa. Hata walioishi naye na kumpenda walikiri jambo hilo. Maofisa wa Honolulu walimwona mkaidi, na baadhi ya mapadri wenzake walimwona mzito wa kuongozwa. Utakatifu haukumwondolea tabia yake. Ulimfundisha kuitumia kwa faida ya wengine, na kuomba msamaha alipokosa.

Mapema sana Halmashauri ya Afya ilimkataza kutoka katika rasi, kama vile yeye naye ni mgonjwa. Padri hukosa mengi akikosa padri mwenzake wa kumwungamia. Siku moja mkubwa wake alifika kwa merikebu, lakini nahodha hakumruhusu kushuka. Damiano alipiga kasia mpaka kando ya merikebu, akaungama dhambi zake kwa sauti, kutoka chini ndani ya mtumbwi, kwa Kifaransa, mbele ya mabaharia. Unyenyekevu huo haukumfanya mdogo. Baadaye katazo hilo lililegezwa.

Mwaka 1881 binti mfalme Liliuokalani, aliyeshika utawala kwa muda kaka yake alipokuwa safarini, alizuru makao ya wagonjwa. Alipowaona watu wake, machozi yalimzuia kuhutubu. Aliporudi Honolulu, Damiano alipelekewa nishani ya heshima ya ufalme. Aliivaa mara chache tu. Faida aliyoiona yeye ni kwamba macho ya nchi yameanza kufunguka.

Ndipo ikaja taabu kutoka mahali pasipotazamiwa. Habari za Molokai zilienea Ulaya, na mwaka 1886 mchungaji mmoja wa Kianglikana wa London, Hugh Chapman, alichangisha fedha nyingi kwa ajili ya wagonjwa, akamletea Damiano. Damiano alizipokea kwa furaha, akawanunulia wagonjwa nguo. Lakini serikali iliona aibu, kana kwamba imeshtakiwa mbele ya dunia kuwa haiwatunzi watu wake. Wakubwa wake katika Kanisa nao waliudhika, wakaona anajitafutia sifa. Maneno yao yalimchoma kuliko vidonda. Alijibu kwamba hakutafuta jina lake, akaendelea na kazi. Msemaji wa wanyonge apaswa kujua kwamba siku nyingine atalaumiwa na watu wema.

Ugonjwa unamfikia

Mwishoni mwa mwaka 1884 Damiano alitia mguu katika maji ya moto sana, ngozi ikababuka, naye hakusikia maumivu. Alielewa. Madaktari wakathibitisha kwamba ana ukoma. Tangu hapo neno lile la sisi halikuwa tena la upendo peke yake. Lilikuwa kweli ya mwili wake.

Hakupumzika. Mwaka 1886 mkuu wa Halmashauri ya Afya, Walter Murray Gibson, aliomba habari za kazi yake. Damiano akaandika taarifa ndefu, akipanga sura kwa sura: chakula, maji, nyumba, nguo, dawa, desturi za wagonjwa. Alisifu yaliyotendwa vema na serikali, akataja wazi yaliyopungua. Mtu mwenye kufa huweza kuandika malalamiko juu ya nafsi yake. Yeye aliandika juu ya mahitaji ya wenzake.

Haja yake kubwa ilikuwa wasaidizi, hasa Masista wa kuwatunza wasichana yatima. Aliomba miaka mingi, na mara nyingi alingoja bure. Lakini mwishoni Mungu aliwaleta. Tarehe 29 Julai 1886 alishuka pwani mlei mmoja Mmarekani, Joseph Dutton, aliyekuwa askari katika vita vya nchi yake, na aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1883 akiwa mtu mzima. Hakuwa padri wala bruda wa nadhiri, na mshahara hakuutaka. Alikuja kufanya kitubio kwa maisha yake ya zamani kwa njia ya kuwatumikia wagonjwa. Alikaa huko zaidi ya miaka 40, akafariki mwaka 1931. Mwaka 1888 alifika Padri Conrardy, Mbelgiji mwenzake, na mwezi wa Novemba mwaka huo akafika Mama Marianne Cope pamoja na Masista wa Mtakatifu Fransisko. Damiano alipowaona, alijua kwamba watoto wake hawatabaki yatima mara ya pili.

Alifariki tarehe 15 Aprili 1889, Jumatatu ya Juma Kuu, mwenye umri wa miaka 49. Wagonjwa walimzika chini ya mti uleule wa mkadi alioulalia usiku wa kwanza.

Baada ya kifo chake

Hata kaburini hakuachwa. Mchungaji mmoja wa Honolulu aliandika barua ya kumtukana, akasema kwamba alikuwa mchafu, mkaidi, na kwamba ugonjwa aliupata kwa mwenendo mbaya. Mwandishi mashuhuri Robert Louis Stevenson, Mskoti asiye Mkatoliki, alikuwa ameyazuru makao ya Molokai majuma machache baada ya kifo cha Damiano, akawasikiliza wagonjwa wenyewe. Mwaka 1890 alitoa waraka wa kumtetea. Hakuficha makosa ya Damiano, lakini alionyesha kwamba mtu aliyekaa katika nyumba nzuri mjini hakuwa na haki ya kumhukumu yule aliyekwenda kukaa kati ya wenye vidonda. Hivyo msemaji wa wengine alipata naye msemaji.

Mwaka 1936 mwili wake ulirudishwa Ubelgiji, ukapokewa na Mfalme Leopold wa Tatu, ukazikwa Leuven. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Brussels mwaka 1995, na mkono wake wa kuume ukarudishwa Kalawao, kwa wale aliowafanyia kazi. Papa Benedikto wa Kumi na Sita alimtangaza Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Sikukuu yake ni tarehe 10 Mei, siku aliyoshuka katika rasi ile. Mama Marianne naye alitangazwa Mtakatifu mwaka 2012.

Sheria ya kuwatenga wenye ukoma Hawaii ilifutwa mwaka 1969. Kwa muda wa miaka ile zaidi ya mia, watu wapata 8,000 walipelekwa Molokai. Sheria ilipokwisha, baadhi yao walichagua kubaki, maana hapo ndipo makaburi ya wapenzi wao yalipo.

Ukoma na waliofungiwa siku hizi

Yafaa kila mkatekumeni ajue kwamba ukoma si laana, wala si uchawi, wala si adhabu ya dhambi za wazazi. Ni ugonjwa uletwao na kijidudu kidogo sana, alichokigundua daktari Hansen wa Norway mwaka 1873, mwaka uleule Damiano alipofika Kalawao. Hauambukizi kwa wepesi. Watu wengi miili yao hujikinga yenyewe. Dawa za kwanza zenye nguvu zilipatikana katika miaka ya 1940, na tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Ulimwenguni limefundisha kutumia dawa kadhaa kwa pamoja, ambazo huponya kabisa. Tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure. Mtu aonaye juu ya ngozi yake doa lililopauka, lisilosikia mguso wala maumivu, asijifiche. Aende upesi kwenye kituo cha afya. Katika Kongo ugonjwa huu haujakwisha, na anayechelewa kwa sababu ya aibu ndiye anayepata kilema.

Lakini mafundisho ya maisha ya Damiano hayaishi kwa wenye ukoma. Kila nchi ina watu wakaao muda mrefu katika nyumba zisizo zao: wazee waliochukuliwa na Masista, vilema, wagonjwa wa akili, wagonjwa wa hospitali wasiotembelewa na ndugu. Wanapewa chakula na kitanda, na watunzaji wao wengi hufanya kazi kwa moyo. Hata hivyo mtu akaaye kitandani mwaka mzima aweza kukosa kitu kidogo na asiwe na wa kumwambia. Huenda anaogopa kwamba akilalamika atachukiwa. Huenda amezoea kutosikilizwa, akanyamaza.

Kumtumikia mtu huyo hakuhitaji mali. Damiano aliwatembelea watu kwa siku maalumu, wala hakuvunja ahadi. Aliwasikiliza kabla ya kusema kwa ajili yao. Alitazama kwa macho yake mwenyewe, asije akapeleka uvumi. Aliwaendea wakubwa wenye mamlaka, akataja haja kwa adabu na kwa wazi, akasifu palipostahili sifa. Alipojibiwa hapana, alirudi tena. Na kitu kilipopatikana, alifanya kazi pamoja na wagonjwa, hakuwafanya kuwa watoto wachanga. Haya yote mkatekumeni wa kijijini aweza kuyafanya, hata kabla hajapokea maji ya Ubatizo.

Bwana Yesu alinyosha mkono akamgusa mwenye ukoma kabla ya kumponya. Angeweza kumponya kwa neno tu akiwa mbali, lakini alimgusa. Damiano hakuwa na uwezo wa kuponya. Alikuwa na uwezo wa kugusa, na wa kusema. Alivitumia vyote viwili mpaka mwisho.

Maswali kwa wakatekumeni

1. Kwa nini shauri la serikali kwamba wagonjwa wajilishe wenyewe halikuweza kufaulu?
2. Damiano alianza kusema sisi wenye ukoma lini, na neno hilo lilionyesha nini?
3. Taja mambo matatu aliyowaombea wagonjwa kwa wakubwa, na jinsi wagonjwa wenyewe walivyosaidia.
4. Ni nani waliomlaumu Damiano, na kwa nini hakuacha kazi?
5. Joseph Dutton hakuwa padri. Je, katika kijiji chako ni mgonjwa gani au mzee gani asiye na wa kumsemea, na utakwenda kwake siku gani?